Kutoka vishikio vitatu hadi kimoja: kazi ya mkono wa rubani ilihamia wapi?

Wakazi wengi wa Kisii na Nyamira waliowahi kuona chombo cha angani kwa karibu waliona helikopta, imetua uwanjani mwa shule siku ya mkutano wa siasa au mazishi ya mtu mkubwa. Macho ya watu huvutwa na panga linalozunguka juu. Ni wachache wanaoutazama mkono wa kushoto wa rubani. Mkono huo umeshika wenzo wa kuinulia helikopta, na kwenye helikopta ndogo kama Robinson R44, ncha ya wenzo huo ina mshiko wa kuzungusha unaoiongezea injini mafuta. Helikopta ndogo za zamani zilimtaka rubani ainue wenzo na kuzungusha mshiko kwa wakati mmoja, asije akaliacha panga lipoteze mzunguko na kumwangusha. Siku hizi kifaa cha umeme kinauzungusha mshiko huo chenyewe. Kwenye R22, ambayo ni ndogo zaidi, Marekani ilikifanya kifaa hicho kuwa lazima katika miaka ya 1990, baada ya ajali kadhaa za panga kupungua mzunguko.

Kifaa hicho ni tukio moja tu katika historia ya karibu miaka mia ya kumpunguzia rubani kazi ya mkono. Lakini kila kishikio kilipoondolewa, kazi yake haikwisha. Ilihamia kwa springi, kwa fundi au kwa kompyuta. Anayeota kuunda ndege nyumbani na kuirusha kutoka nyanda hizi za juu hana budi kujua imehamia kwa nani, na siku ikigoma ataitengeneza nani.

Nyanda zenyewe zina mchango wake. Kiwanja cha Suneka, kando ya barabara ya Kisii kuelekea Migori, kiko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya majani chai vya Nyamira vinapanda zaidi ya hapo. Huko juu hewa ni nyepesi, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi. Kiwanja cha mita 1,500 joto likifika nyuzi 27, ndege hujiona kana kwamba iko mita 2,300 hivi. Injini isiyo na turbo hapo imeshapoteza zaidi ya moja ya tano ya nguvu zake. Mabawa yanataka mwendo mkubwa zaidi ndipo yabebe mzigo, na propela inashika hewa haba. Rubani wa pwani anaweza kusamehewa kishikio kilichowekwa vibaya. Wa Suneka, kwenye kiwanja kifupi, hasamehewi.

Waanzilishi wa usafiri wa ndege nchini walilijua hilo mapema. Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways jijini Nairobi mwaka 1929, pamoja na rubani Tom Campbell Black, wakiwa na ndege moja aina ya Gipsy Moth. Injini yake ilikuwa ya nguvu za farasi 100 hivi, na propela yake kipande cha mbao kilichochongwa, kisichobadilika pembe. Aliyeichonga alikuwa amemwamulia rubani kila kitu. Pembe ndogo ingefaa kupaa, pembe kubwa ingefaa safari ndefu. Mbao moja haiwezi kuwa zote mbili, kwa hiyo mchongaji alichukua ya katikati. Rubani alibaki na kishikio cha mafuta na kile cha kupunguza petroli kadiri anavyopanda, kwa sababu hewa ikipungua na petroli ibaki vilevile, injini hukohoa na kutoa moshi mweusi.

Campbell Black huyohuyo ndiye aliyekuja kurusha mojawapo ya propela za ajabu zaidi kuwahi kutengenezwa. Oktoba 1934, yeye na C.W.A. Scott waliondoka Mildenhall, Uingereza, katika mashindano ya kwenda Melbourne, Australia, wakiwa na ndege ya injini mbili aina ya de Havilland Comet. Propela zake za Ratier, kutoka Ufaransa, zilikuwa na pembe mbili, na rubani hakuwa na kishikio cha kuzibadilishia. Kabla ya kuruka, fundi alichukua pampu ya baiskeli akajaza hewa ndani ya kitovu cha propela, na hewa hiyo ikayashikilia mabapa kwenye pembe ndogo ya kupaa. Mbele ya kitovu palikuwa na kisahani. Ndege ilipofika mwendo wa kilomita 240 hivi kwa saa, upepo ulikisukuma kisahani, vali ikafunguka, hewa ikatoka, na mabapa yakageuka kwenye pembe kubwa ya safari. Hayakurudi tena mpaka ndege itue na pampu ichukuliwe upya. Wawili hao walifika Melbourne wa kwanza, baada ya saa 71.

Urahisi huo ulikuwa na gharama. Iwapo rubani angefika kiwanjani, akaona ng'ombe njiani na kulazimika kupaa tena, angepaa na pembe ya safari. Kazi ya kishikio ilikuwa imebaki chini, mikononi mwa mwenye pampu.

Jibu lililoenea baadaye ni propela inayojirekebisha pembe yenyewe ili izunguke kwa kasi ileile rubani aliyoichagua. Inafanya kazi kama gia za matatu inayopanda kutoka Rongo kwenda Kisii: gia nzito mlimani, nyepesi kwenye tambarare, injini isilie sana wala isikwame. Gharama yake ilikuwa kishikio cha tatu. Ukichungulia ndani ya Cessna 206, ndege iliyozoeleka kwenye viwanja vya nyasi vya Afrika Mashariki, utaviona vimejipanga: cheusi cha nguvu, cha buluu cha propela, chekundu cha mchanganyiko wa petroli na hewa. Kila kimoja kina zamu yake. Baada ya kupaa unapunguza cheusi kwanza, kisha cha buluu. Ukikaribia kutua unakirudisha cha buluu mbele, ili ukilazimika kupaa tena uwe na nguvu zote.

Wazo la kuviunganisha vyote si la leo. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani waliifungia injini ya BMW 801 ya ndege ya kivita ya Focke-Wulf 190 kifaa cha mafuta na springi kilichopanga propela, petroli na cheche kwa kufuata kishikio kimoja. Miaka ya 1980 Porsche ilileta injini ya ndege yenye kishikio kimoja, na Mooney ya Marekani ikaunda ndege zipatazo 40 kwa injini hiyo. Marubani waliipenda. Kisha Porsche ikajitoa kwenye biashara ya injini za ndege, na wenye ndege hizo wakabaki wakihangaikia vipuri na mafundi.

Cessna Caravan, inayobeba abiria na wagonjwa kote nchini, inaonyesha tahadhari ya namna nyingine. Mtambo unaoipimia injini yake mafuta unajitegemea, lakini kando ya vishikio vya kawaida wabunifu waliacha kishikio kingine cha dharura, kilichofungwa kwa uzi mwembamba wa shaba. Mtambo ukifa, rubani anaukata uzi na kuipa injini mafuta mwenyewe. Ukikutwa umekatika, fundi anajua bila kuambiwa kwamba kishikio kimeguswa.

Kwa waundaji wa nyumbani, mageuzi makubwa yalikuja na Rotax 912 ya Austria, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1980. Kabureta zake hujirekebisha kadiri hewa inavyopungua, hivyo kishikio chekundu hakipo kabisa. Injini hufika mizunguko 5,800 kwa dakika, lakini gia zake huishusha propela hadi chini ya nusu ya hapo, kwa sababu ncha za mabapa zikikaribia kasi ya sauti zinapiga kelele tu bila kuvuta. Hapo ndipo mwenye kutumia injini ya gari anapokabiliwa na mtihani mkubwa. Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta aliyejulikana karibu mwaka 2010 kwa kuunda ndege nyumbani kwake kwa injini ya Toyota, alikuwa kwenye njia hiyo ngumu. Injini ya gari hutoa nguvu zake ikizunguka kasi kuliko propela inavyoweza kuvumilia.

Wengi wa waundaji hao huchagua propela ambayo pembe yake hupangwa ndege ikiwa chini. Fundi hulegeza bolti za kitovu, hupima kila bapa kwa kipima pembe mpaka yalingane, hukaza kwa spana inayopima nguvu ya mkazo, hufunga ndege mkia kwa kamba imara, kisha hupiga injini mpaka mwisho na kusoma mizunguko. Ikiwa michache, pembe ni kubwa mno. Ikipita kiasi, ni ndogo. Rubani hubaki na kishikio kimoja tu cha nguvu. Kazi ya kile cha buluu imehamia kwa fundi, nayo imefanyika mchana, bila haraka, mbele ya macho.

Njia mpya ni kompyuta. Injini za dizeli za ndege kama Diamond DA42, zinazotumia mafuta ya jeti ambayo ni rahisi kupatikana kuliko petroli ya ndege, zina kishikio kimoja kwa kila injini. Kompyuta ndiyo inayopanga mafuta na propela. Rotax 912 iS, iliyotoka mwaka 2012, nayo ina kompyuta yenye njia mbili, moja ikifa nyingine ishike. Humwepusha rubani makosa mengi. Lakini nyaya zake zinataka umeme usiokatika, na hitilafu yake inataka fundi mwenye kompyuta na programu ya kuisoma, ambaye kwa aliye Kisii huenda yuko Nairobi au ng'ambo.

Kwa hiyo atakayeunda ndege ya kurukia Suneka afanye hesabu ya fundi kabla ya hesabu ya vishikio. Kama aliye karibu anajua spana na kipima pembe, propela ya kupangwa chini, ikiegemea upande wa kupaa, itamfaa kuliko mtambo wa kisasa, hata kama itampunguzia mwendo njiani. Siku atakapopata mtu wa kuisoma kompyuta hapo mjini, ndipo kishikio kimoja cha kisasa kitakuwa urahisi kweli.