Baridi ya Molo si ya Finland: Maandalizi ya kozi ya nyikani kwenye theluji

MKAZI wa Molo, Mau Narok au Kinangop anapoelezwa habari za baridi huona anahadithiwa mambo ya nyumbani. Amezoea kuamka na kukuta sakitu imeunguza viazi shambani, na mwezi Julai humkuta akiota moto hadi saa nne asubuhi.

Uzoefu huo unaweza kumponza akipata nafasi ya kwenda ng'ambo kuhudhuria kozi ya kuishi nyikani wakati wa majira ya baridi, iwe Finland, Norway, Uswidi au Kanada. Kozi hizi, ambazo huweza kumfaa skauti, mwelekezi wa wapanda milima au mwanafunzi wa utalii, hufunza namna ya kulala hemani juu ya theluji, kuwasha moto, kuvuta mizigo na kusafiri pasipo na njia.

Baridi ya nyanda za juu za Bonde la Ufa ina mwisho wake kila siku. Jua hutoka, umande hukauka, na aliyelowa alfajiri huwa mkavu ifikapo adhuhuri. Kaskazini mwa Finland mwezi Desemba vipimo huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na huko Utsjoki jua halichomozi kabisa kwa takriban siku 50. Aliyelowa hubaki amelowa. Swali la kwanza la msafiri, kwa hivyo, si unene wa koti lake bali ni jinsi atakavyokaa mkavu.

Mfano wa karibu ni wa Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka Eldoret, aliyepelekwa Finland mwaka 1996 pamoja na Henry Bitok kujifunza kuteleza kwenye theluji kwa ufadhili wa kampuni ya Nike. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Olimpiki ya Nagano, Japani, Boit alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, takriban dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjorn Daehlie wa Norway, ambaye alimsubiri utepeni ili amkumbatie. Alirejea Olimpiki mwaka 2002 na 2006. Mapafu na miguu ya Bonde la Ufa alikuwa navyo tangu mwanzo. Kilichomchukua miaka ni ufundi wa theluji yenyewe.

Kuna desturi moja ya wanariadha wa eneo hili ambayo msafiri hana budi kuiacha nyumbani. Wengi hukimbia asubuhi wakiwa wamejifunika jaketi na suruali nzito, jasho likiwatiririka, kisha hurudi kuoga maji ya moto. Nyikani hakuna pa kurudi. Nguo zikilowa jasho, mtu anaposimama kupumzika maji hayo hunyonya joto la mwili kwa kasi inayokaribia mara 25 ya ile ya hewa. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, mwili hutetemeka, ulimi huwa mzito, vidole hushindwa kufunga zipu, na fikira huvurugika kiasi kwamba mhusika hatambui yuko taabani. Kanuni inayofuatwa ni kuanza mwendo ukihisi ubaridi kidogo, na kuvua vazi moja kabla jasho halijatoka.

Mavazi hupangwa kwa tabaka. Linalogusa ngozi liwe la sufu laini au poliesta, kwa kuwa pamba hufyonza maji na haikauki. Fulana za pamba, soksi za shule na suruali za jinzi hazina kazi huko. Juu yake huja sweta. Sufu inayosokotwa kwa mikono huko Njabini, Kinangop, yafaa sana hapa, ingawa huwasha ikivaliwa juu ya ngozi. Tabaka la nje ni koti na suruali vya kuzuia upepo, na kando yake huwekwa koti nene la manyoya ya bata, ambalo huvaliwa mtu anaposimama tu.

Si lazima vitu hivi vigharimu pesa nyingi. Makoti ya theluji hufika katika marobota ya mitumba mwaka mzima, na ndiyo yanayowakinga waendeshaji bodaboda wa Nakuru alfajiri. Mnunuzi achunguze zipu, mshono wa mabega, na kama manyoya ya ndani yamejikusanya mabonge. Likiwa hivyo aliache hata kama bei ni ya kutupa. Buti na mfuko wa kulalia ni afadhali kuazima kozini, kwani walimu wengi huwa navyo. Barua ya kuuliza kinachotolewa na kisichotolewa itangulie safari ya sokoni.

Buti ziache nafasi ya soksi mbili na vidole kuchezacheza. Kiatu kinachobana huzuia damu, na damu ndiyo inayopeleka joto. Kwa mikono, glavu nyembamba huvaliwa ndani ya nyingine pana isiyotenganisha vidole.

Jambo hili la mikono na miguu lina uzito wa pekee kwa Mwafrika. Tafiti za majeshi ya Uingereza na Marekani zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Kiafrika hupata madhara ya baridi vidoleni mara nyingi zaidi ya wenzao weupe, hata wakiwa kazi moja na mavazi yaleyale. Isitoshe, vitabu vingi hueleza kwamba ngozi inayoanza kuganda hugeuka nyeupe, dalili ambayo kwenye ngozi nyeusi hujificha. Huonekana zaidi kama rangi ya majivu isiyong'aa, na sehemu hiyo hupoteza hisia. Msafiri amwambie mwalimu wake jambo hili siku ya kwanza bila haya, na akubaliane na mwenzake wa hema kukaguana uso na vidole kila mara. Kidole kilichoganda hakisuguliwi, wala hakiyeyushwi ikiwa huenda kikaganda tena.

Mafuta ya kujipaka, ambayo kwetu hayakosekani, hayaokoi. Watafiti wa Finland waligundua kwamba kupaka uso mafuta hakuzuii kuganda, na huenda kukazidisha hatari kwa kumpa mtu imani ya bure. Mafuta ya jiko nayo ni hatari ya aina nyingine: petroli haigandi kwa baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, hivyo tone likimwagikia kiganja huunguza papo hapo. Mwenye pumu au selimundu aonane na daktari kabla ya kulipia chochote.

Mazoezi yanaweza kufanywa hapa hapa. Kufunga gurudumu la gari kiunoni na kuliburuta kwenye njia za msitu wa Menengai humfundisha mtu kuvuta mzigo polepole bila kutoka jasho, jambo gumu kuliko linavyosikika. Mwenye nauli apitie Nyahururu na Nyeri hadi Naro Moru, apande Mlima Kenya kuelekea Lenana, mita 4,985, alale huko juu. Maji ya chupa huganda usiku, na hapo atajifunza kuisimamisha kichwa chini ili mdomo usizibe barafu.

Viza ya Schengen, inayotumika Finland, Norway na Uswidi, huombwa si zaidi ya miezi sita wala chini ya siku 15 kabla ya safari. Ada kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Bima isomwe hadi mwisho, maana nyingine haigharamii ajali za milimani na kwenye theluji. Mursik na nyama ya kukausha vitaishia forodhani, kwani wasafiri wanaotoka Kenya hawaruhusiwi kuingiza nyama wala maziwa katika Umoja wa Ulaya. Mitungi ya gesi hairuhusiwi ndegeni kabisa, na kisu huwekwa kwenye sanduku la chini.

Koti, kofia, glavu na buti zisiwekwe kwenye sanduku hilo. Mizigo huchelewa au hupotea njiani, na mlango wa uwanja wa ndege hufunguka kwenye baridi ileile.