Mke ni Nani Mbele ya Sheria?

Tangu miaka ya 1920 Union Minière du Haut-Katanga iliwahimiza wafanyakazi wake kukaa kambini pamoja na wake zao. Hapo swali la mke halali likagusa nyumba na posho.

Tarehe 1 Agosti 1987 nchi yetu ilipata Sheria ya Familia. Haikuidharau desturi: ndoa iliyofungwa baina ya familia mbili, kwa mahari, ni ndoa, ila yapasa iandikishwe serikalini ndani ya mwezi mmoja. Kukaa pamoja tu, hata miaka ishirini, hakuzai ndoa. Tanzania, kwa sheria ya 1971, ilishika njia nyingine: waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kuwa mume na mke, hudhaniwa wameoana hadi ithibitishwe vingine.

Tofauti hiyo huonekana msibani. Mchimbaji wa Mashamba akifariki, watoto aliowakubali kisheria hurithi. Mama yao asiyeolewa hahesabiwi mjane, ingawa ndiye aliyemwuguza. Basi, kijana unayesema mahari yatangoja, je, ni nani atakayelipa gharama ya kungoja huko?