Uhamisho na Mwamko wa Moyo katika Tenzi za Nyerere

Mathayo aihesabupo nasaba ya Yesu, huigawa mafungu matatu ya vizazi kumi na vinne: toka Ibrahimu hadi Daudi, toka Daudi hadi uhamisho wa Babeli, na toka uhamisho hadi Masihi. Aibu ya Yerusalemu kubomolewa, mwaka 586 kabla ya Kristo, imefanywa nguzo ya nasaba. Wengi wamesoma humo zaidi ya habari za vita: aliyepokonywa hekalu la mawe hujifunza kumtafuta Mungu moyoni.

Injili hiyo, na nyingine tatu, pamoja na Matendo ya Mitume, ilitiwa katika utenzi na Julius Nyerere wa Butiama. Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho wakazichapisha tenzi hizo mwaka 1996. Mtoto huyo wa bara, aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alichagua bahari ya pwani: mizani nane, vina vitatu vinavyooana, na cha nne kinachorudi hadi ubeti wa mwisho. Sisi wa visiwani twaijua. Imebeba pia kisa cha Nabii Yusufu.

Yusufu huyo yumo katika hotuba ya Stefano, Matendo sura ya 7. Ibrahimu aacha kwao. Yusufu auzwa Misri. Musa akaa Midiani miaka arobaini ndipo aone kijiti kiwakacho moto. Wito huwafikia ugenini.

Kwa Nyerere mambo yaligeuka: yeye alijitenga kwa kurudi kwao. Mwaka 1955, alipouacha ualimu wa Pugu kwa ajili ya TANU, alikwenda Musoma, akamfundisha padre wa Maryknoll Kizanaki na kutafsiri sehemu za Injili. Mwaka 1985 aliacha urais, akarejea Butiama.

Lakini tusome kwa hadhari. Katika miaka ya 1970, serikali yake iliwahamishia watu vijijini, wengine kwa nguvu, Mara ikiwamo, nchi ya Bunda na Musoma. Na baada ya 1964 wako ndugu zetu waliovuka bahari wasirudi. Mwamko wa moyo ni wa kusimuliwa na aliyehama. Si udhuru wa aliyemhamisha. Manabii waliouona uhamisho kuwa funzo hawakuacha kuihukumu Babeli.