Vipeo Kabla ya Descartes

Kipeo ni namba ndogo inayoandikwa juu ya kizio, upande wa kulia, kuonyesha kizio hicho kinazidishwa chenyewe kwa chenyewe mara ngapi: 2⁵ ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 32. Uandishi huo ulienea baada ya René Descartes kuutumia katika La Géométrie mwaka 1637, na ndiyo sababu vitabu vingi humpa yeye sifa ya kuanzisha vipeo. Sifa hiyo imezidi kiasi. Descartes alisaidia kueneza namna ya kuandika (naye bado alipenda kuandika aa badala ya a²). Kanuni za kukokotoa zilikuwa na umri wa karne nyingi.

Kanuni ya kujumlisha vipeo, kwamba 2³ × 2² ni 2⁵, imo tayari kwa Archimedes wa Sirakusa, karne ya tatu kabla ya Kristo. Katika risala yake kwa Mfalme Gelon alionyesha kuwa hata chembe za mchanga za kujaza ulimwengu zinahesabika, akifikia mpaka ambao leo huandikwa 10⁶³. Ila yeye aliihesabu 1 kuwa ya kwanza katika mfululizo, kwa hiyo kila baada ya kujumlisha nafasi ilibidi kupunguza moja. Kilichokosekana ni kipeo cha sifuri.

Pengo hilo lilizibwa Baghdad. Al-Karaji, mwanzoni mwa karne ya 11, alivipanga vipeo vya namba isiyojulikana, x, pamoja na 1/x, 1/x² na kuendelea. Aliyelikamilisha jambo ni al-Samaw'al ibn Yahya al-Maghribi, mwana wa mwanachuoni wa Kiyahudi kutoka Fez, aliyeandika al-Bahir akiwa na miaka 19. Kitabu hicho, kilichochapishwa Damascus mwaka 1972 tu, kina jedwali linalostahili kukaliwa kitako. Katikati imewekwa 1. Upande mmoja zinafuatana x, x², x³, upande wa pili 1/x, 1/x², 1/x³. Kuzidisha ni kutembea kwenye safu: kutoka nafasi ya namba moja, huhesabiwa hatua nyingi kama zile zilizoko kati ya nyingine na 1. Zikiwa upande mmoja, mwendo ni wa kuiacha 1. Zikiwa pande tofauti, ni wa kuielekea. Hivyo x³ mara 1/x⁵ huangukia 1/x². Kwa maandishi ya sasa, 2³ × 2⁻⁵ = 2⁻² = ¼, na 1 imeshika mahali pa x⁰.

Wapo wanaodai kwamba hivyo si vipeo hasi, kwa kuwa hakuandika alama ya kutoa juu ya x. Hoja hiyo inatazama wino na kuacha hesabu. Al-Samaw'al aligawanya 20x² + 30x kwa 6x² + 12, akapata 3⅓ + 5/x − 6⅔/x² − 10/x³, na mfululizo usiokoma. Kisha akaona kuwa kila namba inayofuata ni ile iliyo nafasi mbili nyuma yake mara −2. Mtu asiyeelewa vipeo hasi hafiki hapo.

Ulaya ilifuata kwa njia zake. Nicolas Chuquet, Lyon, 1484, aliandika vipeo vilivyoinuliwa, sifuri na hasi vikiwamo, lakini kazi yake ilibaki mswada hadi 1880. Michael Stifel alichapisha jedwali lenye vipeo hasi mwaka 1544.

Vipeo vya sehemu vilichukua njia nyingine. Kwa kuwa 9^½ × 9^½ lazima iwe 9, basi 9^½ ni kipeuo cha pili cha 9, yaani 3. Vivyo hivyo 8^⅔ ni 4, mraba wa kipeuo cha tatu cha 8. Nicole Oresme alilikaribia wazo hili katika karne ya 14, John Wallis akaliendeleza mwaka 1656, na Isaac Newton akaliandika kwa alama za kisasa katika barua ya 1676.

Iliyobaki ni 0⁰. Augustin-Louis Cauchy, mwaka 1821, aliiorodhesha miongoni mwa maumbo yasiyo na thamani maalumu. Katika aljebra ya polinomia, hata hivyo, kwa kawaida huchukuliwa kuwa 1.