Kesi Haiozi?

Juzi nilikuwa Old Korogwe kwa shangazi. Tumekaa uani tunachambua mchicha, binamu yangu akaniuliza bila kuniangalia: "Hivi kaka, mtu akifanyiwa ubaya akiwa na miaka 10, na sasa ana 26, polisi watamsikiliza kweli au watamcheka?" Sikumwuliza mtu huyo ni nani. Nikasema nitasoma nimjibu.

Ndugu msomaji, utafiti wa kitaifa uliofanyika 2009 ulikuta karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo swali la uani pale si la mtu mmoja.

Tatizo la muda ni la zamani. Sheria ya Uingereza ya 1885 ilipandisha umri wa binti kuridhia kutoka miaka 13 hadi 16, lakini ikaweka mtego: aliyemwingilia binti wa umri wa katikati hapo ilibidi ashitakiwe ndani ya miezi 3. Miezi 3! Mtoto hajapata hata neno la kulitaja jambo lenyewe, mlango umeshafungwa.

Kwetu leo mlango huo haupo. Sheria ya Ukomo ya 1971, iliyochukua nafasi ya ile ya India ya 1908, yenyewe inasema haigusi mashauri ya jinai. Kubaka au kulawiti mtoto kunaweza kushitakiwa hata baada ya miaka 20. Ndiyo maana mitaani wanasema kesi ya jinai haiozi.

Ila mwaka wa tukio una maana yake. Mwaka 1998, baada ya kelele nyingi za wanawake, TAMWA wakiwa mstari wa mbele, Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Ikaweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji, na maisha kama mtoto ana chini ya miaka 10. Ikaagiza pia ushahidi wa kesi hizi utolewe faragha, na mahakama iweze kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli. Aliyetendewa kabla ya hapo anaweza kushitaki, lakini Katiba, ibara ya 13, inakataza adhabu kali kuliko ile ya siku ya kosa.

Sasa fidia. Hapa ndipo pachungu. Shauri la madai ya namna hii lina miaka 3 tu. Kwa mtoto saa inaanza kuhesabu akifika miaka 18, maana yake akitimiza 21 basi. Waziri anaweza kuongeza muda, lakini usiozidi nusu. Binamu kapitwa. Binti wa miaka 21 kijijini, bado anakula kwa mjomba yule yule, atamshitaki saa ngapi? Mimi naona waliotunga hawakumfikiria huyu. Njia iliyobaki ni hukumu ya jinai yenyewe: hakimu akimtia mtu hatiani kwa kubaka, humwamuru pia amlipe aliyeumizwa.

Na tusidanganyane, kutokuwa na ukomo si sawa na kushinda. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba ushahidi bora wa kubakwa ni wa aliyebakwa. Lakini imesema pia kwamba shahidi anayechelewa kumtaja mtuhumiwa bila sababu hutiliwa shaka. Bila sababu, lakini. Vitisho ni sababu. Wazee kumalizana kwa mbuzi na kumwambia mtoto anyamaze ni sababu, na inafaa isemwe tangu siku ya kwanza kituoni. Wazee hao hawana mamlaka ya kuifuta kesi. Ni ya Jamhuri.

Nilimweleza yote hayo, na kwamba kuna dawati la jinsia na watoto polisi, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kwa asiye na pesa ya wakili. Nikamtajia pia namba 116, ya bure, kwa ajili ya watoto wa leo.

Akanyamaza. Halafu akauliza kama pale dawatini anakaa mwanamke.