Jabal Rumaat: Kilima Kidogo, Funzo Kubwa

Mahujaji wetu wanaporejea kutoka Madina husimulia kuwa walipelekwa Uhud, wakapanda kilima, kisha wakaharakishwa kurudi kwenye basi. Ni wachache wanaoweza kueleza kilima kile kina habari gani.

Kilima hicho ni Jabal Rumaat, yaani mlima wa warusha mishale. Jina lake la kale ni Ainain. Kipo kusini ya Mlima Uhud, kando ya Bonde la Qanat, kilomita chache kaskazini ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.).

Katika Shawwal mwaka wa 3 Hijria (625 Miladia), Mtume (s.a.w.) aliuweka Uhud mgongoni mwa jeshi lake. Ili adui asipate upenyo wa kuwazunguka, aliweka kilimani warusha mishale 50 chini ya Abdullah bin Jubair (r.a.), akawaamrisha wasibanduke, Waislamu washinde au washindwe.

Maquraishi walipoanza kukimbia, wengi wa warusha mishale waliteremka kufuata ngawira. Amiri wao aliwakumbusha agizo, wasimsikilize. Khalid bin Walid, ambaye wakati huo alikuwa hajasilimu, akazunguka na wapanda farasi. Abdullah (r.a.) na wachache waliobaki naye wakauawa. Masahaba wapatao 70 walikufa mashahidi siku ile, akiwemo Hamza (r.a.), na Mtume (s.a.w.) akajeruhiwa usoni.

Karibu na kilima yapo makaburi ya mashahidi hao. Sunna ni kuwatolea salamu na kuwaombea dua, kwani Mtume (s.a.w.) aliwaombea hata mwishoni mwa uhai wake. Ama kuyatufu makaburi, hilo halijuzu. Tawafu ni ya Al-Kaaba peke yake. Vilevile, kupanda kilima si nguzo wala wajibu wa Hija. Mzee asiyeweza kupanda asihuzunike, Hija yake haikupungua kitu.

Ndugu msomaji, tusiishie kwenye kosa lao. Katika Suratu Aal Imran, aya ya 152, Allah (S.W.) ametaja kuasi kwao, na hapo hapo akataja kuwa amewasamehe. Kisha katika aya ya 159 akamuamrisha Mtume wake awasamehe, awaombee maghfira, na ashauriane nao. Hawakufukuzwa katika safu wala katika shura.

Basi imamu anayemtenga muumini msikitini kwa kuteleza mara moja, na akitafakari kilima kile kabla hajatoa hukumu.

Wallahu aalam.