Jiko finyu lililofundisha dunia kupanga vyombo

Mwaka 1926, katika jiji la Frankfurt, Ujerumani, msanifu majengo Margarete Lihotzky alikabidhiwa kazi ya kupanga jiko la nyumba za watu wa kipato cha chini. Alikuwa na umri wa miaka 29, mzaliwa wa Vienna, na baadaye alifahamika zaidi kwa jina la ndoa, Schütte-Lihotzky. Nafasi aliyopewa haikuzidi mita 1.9 kwa mita 3.4. Humo vilitakiwa viingie jiko la kupikia, sinki, unga, sukari, sufuria, meza ya kukatia, ubao wa kupigia pasi na chombo cha taka, na mpishi abaki na pa kugeukia.

Jiko hilo likaitwa Jiko la Frankfurt. Ndani ya miaka michache yakajengwa takribani 10,000. Makabati ya kujengewa ukutani tunayoyaona leo katika maghorofa ya Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa ni wajukuu wake.

Chimbuko la fikra yenyewe lilikuwa Marekani. Mwaka 1869 Catharine Beecher na ndugu yake Harriet Beecher Stowe walichapisha kitabu cha utunzaji wa nyumba kilichotaka rafu, mapipa ya unga na meza ya kazi vikae pamoja, mpishi asizunguke jiko zima kutafuta kitu. Karne ya 20 ilipoanza, viwanda vya jimbo la Indiana vilikuwa vikiuza kabati moja lililobeba karibu kila kitu: pipa la unga lenye chekeche chini yake, droo za viungo, na meza ya kuvuta ikihitajika. Mwenye jiko finyu hakuhitaji stoo tena. Kisha mwaka 1913 Christine Frederick akatoa kitabu kilichopeleka jikoni hesabu za kiwandani: mama anapiga hatua ngapi kutoka kwenye sinki hadi kwenye jiko, na ngapi kati ya hizo ni za bure?

Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kijerumani, na Lihotzky alikisoma. Akaongeza mfano mwingine, jiko la behewa la chakula katika treni, ambamo mpishi alilisha abiria wengi akiwa katika chumba chembamba kwa sababu kila kitu kilikuwa karibu na mkono wake. Akashika saa, akapima kila kazi ya jikoni inachukua muda gani, ndipo akachora.

Ukisimama mbele ya Jiko la Frankfurt, na moja limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la MoMA jijini New York, kinachovuta jicho kwanza ni safu za vidroo vya alumini. Kila kimoja kina mkono wa kushikia na mdomo wa kumiminia. Mpishi alikichomoa, akamimina mchele au sukari moja kwa moja kwenye sufuria, akakirudisha. Hakukuwa na kopo la kufungua wala kijiko cha kutafuta. Unga ulitengewa chombo cha mbao za mwaloni, kwa kuwa mti huo uliaminika kuwafukuza wadudu wa unga. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani. Taa ilitembea kwenye reli darini, ikimfuata mpishi. Meza ya kukatia ilikaa chini ya dirisha na ilikuwa na tundu la kusukumia maganda, na mbele yake kulikuwa na kigoda cha kuzunguka, kazi ifanyike mtu akiwa amekaa. Makabati yalipakwa rangi ya buluu iliyokolea, kwa imani kwamba nzi hawaipendi.

Anayeyajua majiko ya kwetu hatashangazwa na yote hayo. Mbuzi ya kukunia nazi ni kiti na ni kifaa kwa pamoja, na kazi ikiisha hukunjwa kama marufaa, ikaegemezwa ukutani. Ungo na kawa hutundikwa. Susu ya kamba ilining'inia darini na chakula ndani yake, paka na panya wakabaki kutazama. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga uliowekwa mahindi, moshi ukiwazuia dumuzi, kazi ileile uliyopewa mwaloni kule Frankfurt. Bibi zetu hawakushika saa, lakini walijua kwamba jiko dogo hupanuliwa kwa kutundika, kukunja na kukipa kitu kimoja kazi mbili.

Jiko la Frankfurt lilikuwa na kasoro zake. Lilipimwa kwa mwili wa mtu mmoja, na wawili wakiingia hugongana viwiko. Wasemao mikono mingi kazi haba wasingelipenda. Mama alifungiwa humo peke yake, na wanaharakati wa wanawake wa miaka ya 1970 walilishutumu kwa hilo. Vidroo vya chini navyo vilikuwa kwenye kimo cha watoto, ambao hawakuchelewa kuvigundua. Katika mtaa wa Römerstadt wa jijini Frankfurt, uliojengwa mwaka 1927 na 1928 na kuwekewa majiko ya umeme tangu mwanzo, wapangaji walilalamikia gharama za umeme.

Hadithi hii inatugusa pia kwa njia nyingine. Mkuu wa mradi ule wa nyumba za Frankfurt alikuwa Ernst May. Mwaka 1934, Wanazi wakiwa wameshika madaraka kwao, alihamia Tanganyika na kuwa mkulima karibu na Arusha, kisha akafungua ofisi ya usanifu Nairobi. Ndiye aliyechora mpango wa kuupanua mji wa Kampala katika miaka ya 1940, na kazi zake zilifika Moshi na Mombasa kabla hajarudi Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lihotzky alijiunga na harakati za kuwapinga Wanazi, akakamatwa Vienna mwaka 1941, akakaa gerezani hadi vita vilipokwisha. Alifariki Januari 2000, zikiwa zimebaki siku tano atimize miaka 103.

Baada ya vita, Wasweden waliendeleza kazi ya Lihotzky kwa kupima majiko na vyombo hadi vipimo vikawa sanifu, na sentimita 60 ikawa kipimo kikuu cha jiko la Ulaya. Jiko la kupikia, mashine ya kuoshea vyombo na friji ndogo vikaanza kutengenezwa viingie katika nafasi hiyohiyo. Ndiyo maana mwuza majiko wa Kariakoo hukuuliza kama unataka la 50 kwa 50 au 60 kwa 60.

Hata hivyo, vifaa vidogo havikupata bahati hiyo. Blenda, birika la umeme, jiko la wali, maikrowevu na kikaangio vilikuja kimoja kimoja, kila kimoja na umbo lake na waya wake. Kwetu huja pia kwa mkupuo. Bibi harusi hutoka kwenye kicheni pati na vifaa vya kujaza jiko la hoteli, kisha anahamia chumba na sebule. Matokeo tunayajua. Blenda inabaki ndani ya boksi lake juu ya kabati la nguo, jiko la wali linakaa juu ya friji, na wanaoitaka soketi moja ni watano.

Historia hii haisemi tuongeze makabati. Lihotzky alianza na kazi, akaja kwenye kabati mwishoni. Kinachotumika kila siku kikae kati ya kiuno na macho, pale pale kinapotumika, na soketi iwe karibu. Cha mara moja kwa wiki kipande juu. Cha sikukuu kitoke jikoni kabisa. Kizito kikae chini, kwa sababu kukishusha kutoka juu ni hatari. Na chenye joto, kama birika na jiko la wali, kisiwashwe chini ya rafu, maana mvuke huvimbisha mbao.

Wajenzi na wenye nyumba nao wana deni. Soketi mbili kwa jiko zima ni hesabu ya enzi za jiko la mkaa. Kabla ya kupiga lipu, mwite atakayepika humo, mwulize anatumia nini na anasimama wapi. Ni rahisi kusogeza soketi kwenye mchoro kuliko kuvunja ukuta baadaye.